Mstari wa Mafunjo

Rutere-ini, Naivasha
3 Machi 2025

Kwa ndugu yangu Gathogo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kilifi, wewe na Sue na watoto. Sisi huku tuko. Mama anaendelea vizuri isipokuwa goti la kushoto, asubuhi zenye baridi linamkatalia. Yule ng'ombe mweupe amezaa, lakini ndume. Mvua bado. Milcah anakusalimu, jirani yetu wa chini, binti ya marehemu mzee Ogola wa reli. Unamkumbuka, mlikuwa mkienda shule pamoja.

Umenipigia simu mara tatu tangu Ijumaa. Nimeitazama ikilia na nimeiacha ilie. Kwenye simu wewe hunishinda. Unacheka kidogo, unaniambia nitulie, na nikikata najikuta sijasema nililotaka kusema. Safari hii nitasema kwa karatasi, na utanijibu kwa karatasi. Ofisi ya vifurushi vya basi hapa mjini inapokea bahasha.

Barua ya hazina yenu ya mazingira, huko unakofanya kazi, ilifika. Inaanza "Ndugu Mwombaji". Inasema ombi la kikundi chetu cha kutunza ziwa halikufaulu, kwa sababu ruzuku zenu ndogo ni za milango ya mito inayoingia baharini, na sisi mto wetu unaingia ziwani. Chini yake kuna sahihi. Mwenye sahihi hiyo mimi ndiye niliyemfundisha kushika penseli, kwenye meza ya Mama, akiwa na miaka mitano. Sikuhitaji kusoma jina.

Gathogo, nimefundisha watoto kusoma miaka thelathini na mbili. Ukurasa wa pili wa fomu yenu unasema "pale mto unapoingia baharini au ziwani". Au ziwani. Nimeisoma na miwani na nimeisoma bila miwani.

Hatukuomba makubwa. Tuliomba mafunjo ya kupanda pale ng'ombe walipoyamaliza, mashua ya kukodi siku za kupima, na vitabu vya watoto wa klabu ya mazingira ya mwalimu Chesang. Kila Ijumaa kwa miaka minne tumeishusha ile sahani nyeupe ya kupimia uangavu wa maji kwa kamba mpaka isionekane, tukapima kamba, tukaandika. Tulipoanza sahani ilikuwa inapotea kabla haijafika kina cha mkono. Sasa, palipo na mafunjo yetu, inaonekana mpaka kina sawa na kimo cha mtoto wa Gredi ya Nne. Watoto wenyewe ndio wanaojipima kando ya kamba. Hayo yote yalikuwa ndani ya ombi. Uliyasoma?

Niambie tu kama uliyasoma.

Dada yako,
Mugure


Kilifi
28 Machi 2025

Dada Mugure,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sue amepata uhamisho, sasa anafundisha karibu na nyumbani. Watoto wazima. Mwambie Mama nitamtumia ile dawa ya kuchua, inasaidia sana. Nafurahi ng'ombe amezaa salama, hata kama ni ndume.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, na nikwambie ukweli, imeniudhi. Wewe unaniuliza kama nilisoma. Mimi nakuuliza kama ulifikiri. Kwenye sehemu ya kumi, mahali pa mtu anayekifahamu kikundi, uliandika jina langu, na mbele yake ukaandika "ndugu yangu wa tumbo moja, anafanya kazi kwenu". Dada! Ombi lako lilisomwa mezani mbele ya watu saba. Wote waligeuka wakanitazama. Nilikaa pale kama mtu aliyekutwa jikoni kwa jirani. Kazi hii nimeitafuta miaka kumi na moja, na hakuna siku nimempendelea mtu.

Kuhusu baharini na ziwani, kamati ina haki ya kuchagua. Maombi yalikuwa mengi mwaka huu, na ya pwani yana uzito wake. Mimi natia sahihi barua zote, zilizofaulu na zisizofaulu. Ni kazi.

Tafadhali usilichukue hili kama vita. Mwakani mnaweza kuomba kwingine, nitakutafutia majina.

Jambo moja dogo. Ile ramani iliyochorwa na watoto, mliyoiambatanisha mwishoni, inayoonyesha mafunjo yalikuwa yanafika wapi zamani. Je, kuna nakala nyingine? Naomba usimpe mtu kwa sasa. Ina makosa mengi ya vipimo, na itawaaibisha.

Wako,
Gathogo


Rutere-ini
24 Aprili 2025

Kwa Gathogo,

Barua yako ilikaa ofisi ya vifurushi siku kumi na mbili kwa sababu uliandika jina la Mama juu ya bahasha, na Mama haendi mjini. Sijui kama ulifanya hivyo kwa kusudi. Dawa ya kuchua imefika, anaisifu. Mvua imeanza, na viazi vya kutoka Kuresoi vimepanda bei sokoni kwa sababu ya barabara.

Sehemu ya kumi nilikosea. Niliandika jina lako kwa sababu nilijivuna nalo. Hilo nimelimaliza, usinirudishe huko.

Sasa ramani. Unasema ina makosa. Nikueleze ilivyochorwa. Mwalimu Chesang alileta watoto kumi na wanne Jumamosi moja mwezi wa Septemba. Mama alitembea nao kwa fimbo kutoka kwenye ua wetu, na kila baada ya hatua chache alisimama. Hapa tulikuwa tunateka maji. Hapa nilikuwa nafua nepi za Gathogo. Hapa mafunjo yalianza, mtu hakuweza kupita ila kwa panga. Watoto wakapigilia vijiti, wakapima kwa kamba. Siku nyingine wakamwita mamake Milcah na wazee wengine wawili, kila mmoja peke yake, bila kumwonyesha vijiti vya mwenzake. Vijiti vilikaribiana hivi kwamba mwalimu Chesang aliketi chini akacheka. Mstari ule unapita upande wa juu wa shamba lako lote, Gathogo. Chote ulichoachiwa na Baba kiko chini yake. Kilikuwa cha ziwa kabla hakijawa chako.

Sikuliona hilo kuwa jambo. Tangu uende pwani hujawahi kulima pale. Tulipanda mafunjo nikijua utafurahi.

Jumatatu iliyopita walikuja vibarua sita na mafyekeo. Waliyafyeka mafunjo ya miaka minne kwa asubuhi moja, wakaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Milcah alisimama mbele yao na mtungi wake. Msimamizi akamwambia, bila ukali, kwamba bosi wao, Bwana Kiarie wa Nairobi, amenunua ploti na anataka kujenga nyumba za wageni. Milcah akauliza amenunua kwa nani. Yule mtu akataja jina.

Milcah alikuja kunieleza. Alinieleza yote isipokuwa jina. Alinitazama tu, akaniambia nisimlazimishe alitamke katika nyumba ya Mama.

Mimi pia sitaliandika. Liandike wewe.

Mugure


Rutere-ini
9 Juni 2025

Gathogo,

Mama hajambo. Sote hatujambo. Leo ni siku ya arobaini na sita tangu nikutumie barua, na ofisi ya vifurushi inasema ilichukuliwa na mtu aliyetia sahihi. Sahihi hizo unazijua kuziweka.

Ua wa waya umefika majini. Wiki iliyopita Milcah alipita chini yake kwenda kupima, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa. Mlinzi alimvuta kamba mkononi, akaanguka kwenye shimo la nguzo. Mkono umevunjika juu ya kifundo. Yeye hushona sare za shule, kama unavyojua, na huo ndio mkono wa kukatia.

Mwalimu Chesang amekatazwa kuleta watoto karibu na ua. Daftari la Ijumaa ile lina tarehe tu.

Mama anauliza kwa nini huandiki. Nimemwambia una kazi nyingi. Huo ni uongo wangu wa mwisho kwa ajili yako.

M.


Kilifi
30 Juni 2025

Dada,

Pole kwa Milcah. Mwambie pole. Sikujua, naapa sikujua mtu ataumia.

Niliuza. Basi, nimeandika. Niliuza Desemba mwaka jana, mimi na wakala na Kiarie, kule Mombasa, na hati ilikuwa na jina langu. Sikumwibia mtu. Ombi lenu lilipofika Februari nikafungua ramani na kuona ule mstari, niliona mwisho wangu. Kiarie alikuwa amesema wazi kwamba akisikia ardhi ni ya ziwa atanirudia adai pesa zake. Kama kamati ingewapa ruzuku, ramani ingechapishwa. Kwa hiyo nilisimama mezani nikawaambia wenzangu kwamba mtu huyu ni dada yangu, nisingependa hazina ionekane inapendelea, na kwamba pia ziwa si bahari. Wakanisifu kwa uaminifu. Ndivyo ilivyokuwa.

Lakini ngoja na mimi nikuulize, kwa sababu umeandika kama hakimu. Baba alipogawa, wewe ulipata wapi? Ulipata juu, penye nyumba, penye kisima, penye udongo unaoshika mahindi. Na mimi? Kinamasi. Mlikaa wote pale sebuleni, wewe, Mama, na wazee, mkakubaliana kwamba aliyeenda pwani kinamasi kitamtosha. Hakuna aliyenitetea. Wewe, mwalimu, uliyenifundisha penseli, ulinyamaza. Miaka kumi na sita nimekibeba hicho. Nilipopata mtu mmoja duniani aliyeona kile kinamasi ni kitu, nilimpa. Leo mnaniambia hata hicho hakikuwa changu.

Sasa una ramani. Ukiipeleka kwenye baraza la ardhi, nimekwisha: kazi, jina, kila kitu. Wewe ni mkubwa wangu. Fanya unavyotaka. Ila Mama usimwambie.

Gathogo


Rutere-ini
20 Agosti 2025

Gathogo,

Mama alikuwa ameketi karibu na jiko barua yako ilipofunguliwa. Aliona uso wangu akaniambia nisome. Nilijaribu kuruka mistari. Alinisikia naruka. Mtu ambaye hajui kusoma anajua sana mtu anaporuka. Kwa hiyo amesikia yote, hata ya mwisho.

Alichochea moto. Halafu akasema hivi, na nayaandika kama alivyoyatamka: "Mwaka ule ziwa lilikuwa limekauka mpaka ng'ombe wanalala palipokuwa na mashua. Baba yenu alisema maji hayatarudi. Alisema Gathogo atapata shamba lisilo na mwisho, na Mugure atapata mlima na mawe. Mimi nilimwambia maji yanarudi. Akaniambia ninyamaze."

Umesikia? Wewe ndiye uliyependelewa. Mimi niliachiwa mawe, na kisima unachokitaja nilikichimbisha mwenyewe kwa mshahara wa chaki miaka mitatu baadaye. Kama nilinyamaza siku ile, ni kwa sababu nilikuwa na wivu, nikaona aibu kuuonyesha. Umebeba chuki miaka kumi na sita kwa zawadi. Ungeniuliza siku moja tu. Simu unayo.

Tarehe kumi na nne baraza lilikaa kwa chifu. Kiarie alikuja na wakili. Nilipeleka ramani na madaftari yote. Mwalimu Chesang alieleza vipimo. Wakili akasema mtu hawezi kunyang'anywa hati kwa michoro ya watoto. Ndipo Mama akainuka. Goti lile lile. Afisa wa ardhi akamwambia anaweza kusema akiwa ameketi, akakataa. Alieleza mstari, jiwe kwa jiwe, mti kwa mti. Wakili akamuuliza kwa heshima kama ana uhakika, maana ni zamani. Mama akamjibu: "Mwaka huo nilikuwa nimejifungua mtoto aliyekuuzieni. Nitasahauje?"

Mimi nilitaka ardhi inifunike.

Afisa alikuwa mtu wa haki. Alisema ushahidi ni mzuri, lakini mwenye hati ya kwanza yuko hai, na neno lake linahitajika: aliikuta ardhi hiyo ikoje, na alimweleza nini mnunuzi. Akaahirisha. Akasema akipata taarifa yako yenye kiapo ataamua, na asipoipata jambo litapelekwa mbele, na huko ni miaka. Ua ubaki hadi hapo.

Ukurasa mmoja, Gathogo. Sikuombi uje. Ukurasa mmoja.

Mugure


Rutere-ini
21 Oktoba 2025

Gathogo,

Miezi miwili na siku moja. Sijapata ukurasa.

Ziwa limepanda. Lilianza polepole wiki ya kwanza ya mwezi, kisha mto ukaja na mafuriko ya milimani usiku wa Alhamisi. Mafunjo yangekuwepo yangeuvunja nguvu, na matope yangebaki humo, kama yalivyobaki mwaka juzi na mwaka jana. Tuna vipimo vya hayo, vilikuwa kwenye ombi. Safari hii hakukuwa na kitu. Maji yalipita kwenye ploti yako moja kwa moja hadi kwa Milcah. Walitoka na godoro moja na cherehani, yeye akiwa na mkono ambao haujapona. Nyumba ya mzee Ogola, aliyoijenga kwa pensheni ya reli, imejaa matope hadi madirishani. Familia nane ziko shuleni, zinalala madarasani.

Ua wa Kiarie umesimama katikati ya maji. Ndani kuna kiboko.

Usiniandikie pole.

Mugure


Kilifi
2 Novemba 2025

Dada Mugure,

Sitaandika pole.

Nimeambatanisha taarifa niliyoapa mbele ya wakili. Kurasa mbili. Inasema mstari wa Mama ni wa kweli, kwamba mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nilikata mafunjo pale na nilijua ardhi ni ya ziwa, na kwamba sikumwambia Kiarie. Nakala nimempelekea yeye na afisa wa ardhi.

Jumatano niliwaita kamati. Niliwasomea ukurasa wa pili wa fomu, nikawaeleza kwa nini nilisema ziwa si bahari. Hawakupiga kelele. Mwenyekiti, mama mmoja mtaratibu sana, aliniuliza kama kuna maombi mengine niliyoyafanyia hivyo. Nikasema hapana. Akaniambia, "Sasa nitajuaje?" Niliacha funguo za ofisi mezani.

Ulipoandika mwezi wa nane niliandika ukurasa ule usiku huo huo. Ulikaa kwenye droo. Kila asubuhi nilisema leo nitautuma. Sina maelezo mengine, na nimeyatafuta.

Sue amesikia yote. Hazungumzi nami sana.

Gathogo


Rutere-ini
1 Desemba 2025

Gathogo,

Mama ni mzima. Goti limetulia, ingawa dawa ya kuchua imekwisha. Yule ndume tumemuuza, familia zilizo shuleni zikapata unga. Mwalimu Chesang amehamishia klabu kwenye mwinuko, watoto wanapima kutoka hapo.

Taarifa yako ilisomwa tarehe kumi na tisa. Afisa aliamua siku hiyo hiyo kwamba ardhi ni ya ziwa na haiuziki. Kiarie atauondoa ua maji yakipungua. Mtamalizana wewe na yeye, hilo sitaki kulijua.

Watu walinipongeza. Mmoja akasema ndugu yako ni mtu jasiri. Nilimwambia mtu anayesema ukweli baada ya maji kufika hajasema ukweli, ametoa habari. Kisha nilijuta, kwa sababu Mama alisikia.

Hazina imeandika. Barua inaanza na jina langu. Wanasema ombi litasomwa upya, na wameomba vipimo vya mwezi wa kumi. Tulikaa kikundi kizima darasani, tukakubali kuomba. Nilitaka kukataa, kwa hasira tu. Milcah ndiye aliyenizuia. Alisema mafunjo hayajamkosea mtu. Sehemu ya kumi tumeandika jina la mwalimu Chesang.

Nilimpa Milcah taarifa yako aisome. Alisoma kurasa zote mbili akiwa ameketi kwenye dawati la watoto, akairudisha, akauliza, "Mimi niko wapi humu?" Nilizipindua zile kurasa. Hayumo. Mlinzi hayumo, mkono haumo, nyumba ya babake haimo. Ulikiri kwa Kiarie, kwa afisa, kwa kamati, kwa mkeo. Umekiri kwa kila mtu mwenye ofisi.

Mama amesema nikuandikie uje Krismasi. Nimeandika. Hayo ni maneno yake.

Yangu ni haya. Ukija, usipite kwetu kwanza. Shuka pale shuleni. Milcah yuko darasa la tatu upande wa kushoto, hakuna mlango, wamefunga shuka. Bisha kwenye ukuta. Sema ulichokuja kusema, na akikufukuza, kaa nje mpaka amalize kukufukuza.

Ukitoka huko, panda huku juu. Chai itakuwepo.

Mugure